Ng'ombe Wangu Ndani ya Ngitili

Ng'ombe wa kwanza kuwa wangu mimi mwenyewe nilimpata nikiwa tayari na wajukuu sita. Kwetu Usukumani ng'ombe ni wa mwanamume. Mwanamke anakamua, anatikisa kibuyu mpaka siagi itoke, anazoa samadi, lakini ukija kuuliza zizi hili ni la nani, hutaelekezwa kwake. Mimi nilizoa samadi ya zizi la mzee wangu miaka thelathini na zaidi. Kwa hiyo, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kikundi chetu cha akina mama kilipopewa mitamba wa kisasa wenye mimba, nami nikapigiwa kura niwe miongoni mwa watano wa kwanza, sikujificha. Nilimwongoza mtamba wangu kutoka Igoma mpaka kijijini kwa miguu, katikati ya njia, na wenye baiskeli wakanipisha.

Mzee wangu alikuwa amekaa karibu na zizi lake. Akamtazama yule mtamba juu mpaka chini, mweusi mwenye mabaka meupe, mgongo umenyooka kama meza.

"Nundu yake ameiacha wapi?" akauliza.

"Imeshuka ikawa kiwele," nikamjibu. "Wewe wako wana nundu. Kakamue nundu."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini siku ile ile alimchongea hori la kulia, hakusubiri kuombwa.

Sharti la kikundi lilikuwa moja. Ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwanamke anayefuata kwenye orodha. Aliyenifuata mimi alikuwa jirani yangu, mjane, tunapakana kwenye shamba la mihogo. Alizoea kupitia bandani kwanza kabla ya kuja mlangoni kwangu.

"Shikamoo dada. Mwanangu hajambo huko tumboni?"

"Marahaba. Mwanao anapiga mateke. Ana tabia zako."

Uzao wa kwanza ukawa dume. Jirani yangu alikaa juu ya jiwe akamtazama yule ndama akihangaika kusimama. "Huyu amekuja kututania," akasema, akaenda zake kupalilia. Ng'ombe akapandishwa tena, akashika mimba, tukaanza kungoja upya. Maziwa nilikuwa nayo, tena mengi. Nilikuwa napeleka Igoma asubuhi kwa mama muuza chai, na ndoo ilikuwa inarudi tupu.

Sasa niseme habari ya ngitili, maana hapo ndipo nilipokosea.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza. Haingii mbuzi, haingii punda, wala mwenyewe haingii. Nyasi zinasimama, miti haikatwi, mpaka kiangazi kikikomaa na huko nje kumebaki vumbi, ndipo unafungua, na ng'ombe wanakula wakiwa kivulini. Ya kwetu aliiacha mama mkwe. Alinifundisha kuwa mwanamke asiye na ngitili kiangazi anakamua mkojo. Ilikuwa na migunga mikubwa, na mimi nikaongeza lusina, ile miti ya kikundi, nikaipanda mistari mizima, nikaimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Jani la lusina ng'ombe analila kama mtu anavyokula nyama. Ulikuwa ukimpa leo, kesho maziwa unayaona kwenye ndoo.

Bwana mifugo alinikuta nikiisifia.

"Miti mizuri, mama," akasema. "Nyasi nzuri pia. Lakini hawa wa kisasa hatuwachungi. Unakata, unabeba, unamletea bandani. Kwenye nyasi ndefu kama hizi, zenye kivuli, kupe wanakaa kama wako hotelini."

"Ng'ombe wa mzee wanakula humo tangu mama mkwe."

"Wa mzee wamezaliwa katikati ya kupe. Huyu wako hajuani nao. Akipata ndigana, ile homa ya kupe, hana siku nyingi."

"Na josho?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Zamani josho letu lilikuwa na dawa ya serikali, kila wiki ng'ombe wanatumbukia, wanatoka wanameremeta. Kisha ikasemwa kila mfugaji ajitegemee, dawa iko madukani. Josho likabaki na maji ya mvua na vyura. "Mama," akasema, "hata mimi nimebaki na buti tu."

Nikamsikia. Msimu mzima nikakata, nikabeba. Nilikuwa naingia ngitilini na mundu alfajiri, natoka na mzigo wa nyasi na matawi ya lusina, shingo inauma. Lakini moyoni sikukubali. Ng'ombe mzuri vile, amefungiwa ndani kama mwali, nani anamwona? Kiangazi kile, mzee alipofungua upande wake wa ngitili na wale wake wenye nundu wakaingia, nami nikamfungulia wangu. Ningeweza kusema shingo ilinichosha, na ni kweli ilinichosha. Ila ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka watu wapitao njiani wamwone. Na walimwona. Alikuwa akitembea chini ya migunga, anavuta lusina kwa ulimi, na wanaume walikuwa wanasimamisha baiskeli kuuliza ni wa nani. Nilikuwa najibu kabla mzee hajafungua mdomo.

Maziwa yakazidi. Nikamwambia jirani yangu, "Unaona? Mwacheni bwana mifugo na hoteli zake."

Wiki ya tatu nikamshika sikio kumtoa kupe, nikahisi uvimbe chini yake, kama yai la kuku. Upande wa pili hivyo hivyo. Mwili ulikuwa wa moto. Asubuhi ile maziwa yalifunika chini ya ndoo tu.

Mzee wangu akaja, akamgusa, akaenda kumletea maji. Afadhali angenitukana.

Nilikimbilia Igoma, kwenye duka la dawa za mifugo lililofunguliwa karibu na gereji. Zamani pale palikuwa panauzwa mitumba. Kijana wa duka hakuniuliza ng'ombe ana nini, aliniuliza nataka chupa kubwa au ndogo. Nikampelekea bwana mifugo hiyo chupa. Akasoma maandishi, akasoma tena.

"Hii inatibu mengine, mama. Ya ndigana ni nyingine."

"Iko wapi?"

"Mjini, kama ipo. Nitamchoma hii ili tusikae bure."

Akamchoma. Mimi nikaenda mjini. Duka la kwanza hawana, la pili wanaitarajia kesho, la tatu mwenye duka amekwenda Musoma na funguo za kabati. Nikatembea mpaka Igogo nilikoelekezwa kwa mtu anayeuza dawa nyumbani kwake. Mke wake akanikaribisha maji, akasema ilikuwepo, imeuzwa jana. Alinipa pole kama nimefiwa, na mimi nikamkatalia ile pole, nikamwambia bado. Kesho yake nikarudi kwenye lile duka la pili. Kesho ikawa haijafika.

Nilizaa watoto saba, nikazika wawili, sijapata kukaa bila la kufanya kama siku zile nne. Mtoto akiumwa unambeba. Ng'ombe utambeba? Nilimkatia majani ya lusina yale laini ya juu kabisa, nikamsogezea mdomoni, akayanusa kwa adabu, akageuza uso. Nikampa uji wa mtama kwa chupa, ukatokea puani. Akaanza kukohoa, halafu povu jeupe likatoka puani, na pumzi yake ilikuwa inasikika mpaka jikoni. Jirani yangu alikuwa anakuja asubuhi na jioni. Hakuuliza tena habari za mwanawe. Alikuwa anaweka kiganja kwenye lile tumbo, anangoja, kisha ananiambia, "Bado anacheza, dada." Na mimi namwambia, "Haya."

Upande wa pili wa uzio wale wenye nundu walikuwa wanakula chini ya migunga ile ile, masikio yamejaa kupe, wamenenepa.

Alikufa saa nne asubuhi, jua likiwa linawaka vizuri. Alinyoosha miguu yote minne, povu likajaa puani, basi.

Kwetu nyama haifukiwi. Bwana mifugo alisema ikichemshwa sana haina neno, mzee akanoa kisu, wanaume wawili wakaja kumsaidia kuchuna. Wanawake wa kikundi wakaja na mabeseni yao, kila mmoja apate mgao. Hakuna aliyenisema. Ningependa angalau mmoja aniambie nilijivuna, nijue pa kumjibia.

Walipopasua tumbo, wale wanaume walisogea kando. Ndama alikuwa kwenye mwezi wa nane, ameshaota manyoya, mweusi, ana doa jeupe usoni. Mzee wangu aliinua mguu mmoja wa nyuma, akaangalia, akaushusha polepole.

"Jike," akasema, bila kunitazama.

Jirani yangu alikuwa nyuma yangu. Akanipa beseni lake nimshikie.

"Huyu ni wangu," akasema.

"Ni wako," mzee akamjibu.

"Basi asiliwe na mbwa."

Akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamviringisha yule ndama, akamkumbatia, maji yanamchuruzika mpaka kwenye miguu, akaenda naye upande wa mihogo. Baada ya muda tukasikia jembe. Nilitaka kwenda kumsaidia kuchimba, na ningekwenda, lakini ningefika pale nikamwambia nini?

Mzee alikuwa amechuchumaa na kisu mkononi, ananiuliza amkatie jirani sehemu gani, paja au mbavu. Akaniuliza mara ya pili. Nilisimama pale na beseni la mtu, nasikiliza jembe.