Hana Maumivu

Kadi ya kliniki ya sajini mstaafu Olal ni karatasi ngumu ya manjano iliyokunjwa mara nne. Kushoto zimeandikwa tarehe, katikati kiasi cha dawa, na kulia hali ya mgonjwa. Kuanzia Februari hadi Juni mwaka jana dawa inashuka mwezi hadi mwezi, kutoka miligramu kumi na tano mpaka tano, na mbele ya kila tarehe mwandiko uleule wa daktari unasema: hana maumivu. Mara mbili za kwanza ni kweli. Tatu zilizofuata si kweli, na aliyedanganya ni Olal mwenyewe.

Ni Mwacholi wa miaka sitini na saba. Alitumikia polisi miaka thelathini na mmoja, zaidi ya nusu yake akiwa mezani, akiandika maelezo ya walalamikaji na washitakiwa. Alipostaafu alipanga chumba chini ya kilima cha Naguru, jijini Kampala, mahali ambapo filimbi ya gwaride la asubuhi kutoka kambi ya polisi bado inamfikia mlangoni. Mkewe, Lakot, alifariki miaka sita iliyopita. Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, alikaa Kamis, Mnubi, koplo wa kikosi chake cha zamani, ambaye uzeeni alilinda stoo ya sabuni kule sokoni Kikuubo.

Ugonjwa ulianzia mabegani na kwenye nyonga. Asubuhi moja Olal aliamka, mikono ikagoma kupanda. Daktari alimweleza kwamba ni uvimbe wa ndani, mwili unaojipiga wenyewe, na kwamba maradhi haya hutulizwa kwa muda mrefu kabla hayajaondoka. Alimpa vidonge vya prednisolone. Siku ya tatu Olal alisimama mlangoni, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akamwita jirani yake aje kutazama.

“Naona, sajini,” Kamis alisema. “Umekamatwa ama unasali?”

Lakini vidonge hivyo vilimpandisha sukari, na vikikaa sana mwilini hula mifupa. Ilibidi vipunguzwe kidogo kidogo, visiachwe ghafla, na maumivu yakirudi mgonjwa aseme. Daktari Lamwaka, msichana wa Kiacholi aliyemwita Ladit kama Waacholi wanavyowaita wazee wao kwa heshima, aliuliza swali moja kila mwezi.

“Ladit, ukiamka asubuhi, inachukua muda gani mpaka mikono ilegee?”

“Dakika tano, afande.”

Kwa kweli Aprili ilikuwa nusu saa. Mei ilikuwa saa nzima.

Asiyelelewa kambini ataona ni ujinga. Askari wa rika la Olal walifundishwa kwamba anayejiripoti mgonjwa asubuhi ni mtegeaji, na mtegeaji huitwa mbele ya mstari ili wenzake wamcheke. Yeye mwenyewe aliwahi kuwaita wengi mbele. Sasa mtu mwenye kalamu akimuuliza hali yake, mgongo ulinyooka wenyewe na jibu likatoka kabla hajalifikiri. Tena, daktari alikuwa ameagiza dawa ishuke. Kwa Olal hiyo ilikuwa amri, na kulalamika kwamba inauma kulikuwa sawa na kukataa amri.

Kamis alijua. Ndiye aliyemfunga vifungo vya shati kila asubuhi.

“Ulimwambia nini daktari?”

“Iko sawa.”

“Sawa ya nani? Hii shati nafunga mimi. Vifungo saba. Mimi ndiyo niko sawa, sajini, wewe hapana.”

“Dawa lazima ishuke. Amri ni amri.”

“Amri! Miaka yote unakamata wezi wa kuku, unawaambia sema kweli, tia dole hapa. Yako wewe nani atachukua?” Kamis alibana mikono yake mbavuni, akatembea chumbani kwa hatua fupi. “Ona, kuku wa Krismasi, amefungwa tayari. Nenda utoe maelezo yako, bwana.”

Olal alicheka, ingawa kucheka nako kuliuma, akaahidi kwamba Juni atasema. Alikuwa na sababu nyingine ya kuitaka mikono yake. Katika mistari ya nyumba za polisi pale kilimani, jeneza la askari au la mkewe hubebwa na askari wenzake bila kujali dini, mpaka lango la kanisa au la msikiti, ndipo wenye dini yao hulipokea. Siku ya Lakot, Kamis alishika kona ya mbele kulia, akaweka bega lake, na hakukubali kubadilishwa njia nzima. Tangu hapo Olal alikuwa akimwambia, “Na wewe nitakubeba. Mbele kulia.” Kamis alijibu daima, “Wewe ndiye mgonjwa. Tangulia.”

Juni, mbele ya daktari, mdomo ulijibu kama ulivyozoea: dakika tano. Daktari aliandika, akashusha hadi miligramu tano. Olal aliporudi nyumbani, alimkuta Kamis ameketi mlangoni akimngoja.

“Umetoa maelezo?”

“Nimetoa.”

“Sasa wewe ni mwanamume,” Kamis alisema, akaenda kuchemsha chai kwa furaha.

Huo ndio uongo ambao Olal huutaja kwa sauti ya chini kuliko wowote. Siku kumi na moja baadaye, kabla ya adhuhuri, Kamis alianguka akijiandaa kutawadha. Binti yake, Aminah, alifika kutoka Luzira akamkuta ameshakata roho. Maziko yalipangwa siku ileile, baada ya sala ya alasiri.

Olal alikuwa na saa nne. Alimeza vidonge vitatu kwa mpigo, akakanda mabega kwa maji ya moto, akajaribu mkono ukutani: ulifika usawa wa kifua, ukakwama. Shati alifungwa na Aminah, mwenye macho yaliyovimba.

Walipoitwa wabebaji, askari wazee walimwachia kona ya mbele kulia, kwa kuwa wote walijua ni yake. Aliinama. Alishika mti wa jeneza. Wenzake watatu waliinua, na upande wake ukabaki chini, jeneza likalala kama mashua inayoingia maji. Mwendesha bodaboda mmoja, ambaye hakuwahi hata kumwona Kamis, aliruka akaingiza bega lake.

Olal alifuata nyuma mpaka langoni, mikono imenyooka mbavuni kwa sababu haikuweza kwenda kwingine. Mtu mmoja kando ya njia alimnong’oneza mwenzake, “Tazama mzee yule. Nidhamu ya zamani.” Olal alisikia.

Jumatatu alikwenda kliniki bila kuitwa.

“Ladit, tarehe yako bado,” Daktari Lamwaka alimwambia.

“Nimekuja kutoa maelezo. Andika.”

Alizungumza polepole, kama alivyowaelekeza watu mezani pake zamani. Kwamba yeye, Olal, alisema uongo Aprili, Mei na Juni. Kwamba asubuhi mikono huchukua muda wa saa mbili na dakika kumi. Kwamba shati alifungwa na koplo Kamis, ambaye sasa hayupo. Kwamba alimeza vidonge vitatu bila ruhusa. Daktari alimkemea kwa hivyo vitatu, kisha akarudisha dawa hadi kumi, akasema safari hii watashuka kwa miligramu moja moja. Olal aliomba asomewe. Akasomewa. Aliomba wino, akatia dole gumba chini ya mstari wa sita. Aliomba pia mistari mitatu ya uongo ifutwe, na daktari alikataa: kilichoandikwa kwenye kadi hakifutwi. Mistari hiyo ipo mpaka leo.

Siku ya tano Olal alifunga vifungo saba peke yake. Filimbi ya gwaride ilipolia, alitoka mlangoni akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Ilipanda mpaka mwisho. Aliishikilia hapo kitambo, akiutazama mlango wa pili uliofungwa kwa kufuli, na hapakuwa na wa kumuuliza kama amekamatwa ama anasali.