Kaka Alipotumwa Kuulizia Mchumba

Kilichotangulia kila mara ni sauti: misumari ya viatu vya mbio ikikwaruza saruji ya ukumbi wetu, Mishomoroni. Kabla sijamwona nilikuwa nishajua kama kaka ameshinda. Akishinda, hatua zilikuja mbiombio. Akishindwa, aliburura kisigino. Mama alimgombeza kwa kuitoboa saruji yake, naye wala hakusikia. Alikaa kizingitini, soksi nyekundu kwa vumbi la uwanja wa chuo, akanihadithia. Mita mia nane alizimaliza kwa dakika mbili kasoro. Kunihadithia kulichukua saa nzima. Nani alimpiga kiwiko kwenye kona. Nani alianza kuhema vibaya. Bila kugeuza shingo alijua ni nani yuko nyuma yake, kwa pumzi tu. Nadhani uandishi nilijifunzia pale, juu ya mkeka, nikimsikiliza.

Jeshi lilimchukua kutoka chuoni kwa ajili ya miguu yake. Miaka miwili akaikimbilia timu yao. Kisha mkubwa mmoja akaligundua lile sikio na ile kumbukumbu, wakampeleka kusomea ujasusi. Hilo alitwambia mara moja tu. Baadaye likawa "kazi ya ofisini". Likizo yake ya kwanza baada ya hapo nilikuwa naosha vyombo, nikageuka, nikamkuta amesimama nyuma yangu. Sikuwa nimesikia chochote. Sahani ikaniponyoka.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo nilipoposwa, kaka, wala si ami yetu, mdogo wa baba, ndiye aliyekuwa walii wangu. Bila idhini yake hakuna ndoa. Mposaji alikuwa karani wa yadi ya kontena, Changamwe, mtu anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Nilimtaka.

Kwetu mtu akiposa, huuliziwa. Mama aliimaliza kazi hiyo alasiri moja kule Mtopanga kwao: akamuuliza muuza maji, akamuuliza mwalimu wa madrasa, akamuuliza jirani wa ukuta mmoja.

"Yuwaswali, hapigi mtu, mamake yuwampenda. Mimi n'shatosheka," alisema. "Lakini kaka yako naye aulizie. Si ndiyo kazi yake?"

Tukacheka. Hapo ndipo tulipokosea.

Wiki tatu baadaye kaka alikuja asubuhi, arudi kambini siku hiyo hiyo. Mama akamwekea mahamri na mbaazi. Hakugusa.

"Haya, nambia. Ni mtu wa vipi?"

"Sijapata kitu."

"Alhamdulillahi!"

"Mama, hujanielewa. Sijapata kitu. Kila mtu ana kitu."

"Wewe waulizia mchumba ama wamtafuta mwizi?" Mama akacheka peke yake.

"Nipeni miezi sita."

Miezi sita ni sawa na kusema hapana. Wale wangehesabu wamekataliwa, wakaenda kuposa kwingine. Mama alilijua hilo. Akainuka, akaenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na moto.

Mimi nikakaa chini, juu ya mkeka, mahali pangu pa zamani.

"Kaka, nihadithie. Kama mbio. Ulianzia wapi?"

Akakitazama kizingiti.

"Siku ya pili ya kumfuata," alisema, "niliwaona Likoni, mkishuka feri. Akakununulia juisi ya miwa. Ulikuwa ukicheka mpaka ukajimwagia."

Naikumbuka siku ile. Doa la miwa liko kwenye buibui langu mpaka leo.

"Ulikuwa wapi?"

"Hatua kumi nyuma."

"Mbona hukuniita?"

Mkono wake ulikuwa ukilimega hamri vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja.

"Ningekwambia nini?"

Nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku zote, na kaka yangu alikuwa hatua kumi nyuma yangu, peke yake katikati ya watu wote wale, akinipeleleza.

"Wamtaka?" akauliza.

"Namtaka."

"Basi nitampigia ami simu leo, nimpe uwakala. Yeye atakuozesha."

"Nawe?"

"Walii akiozesha humshika bwana harusi mkono." Akavitazama vidole vyake. "Nitamshika, nami nitakuwa nasikiliza pumzi zake. Watu watakuwa wakifurahi, mimi nasikiliza pumzi. Ami atakufaa zaidi."

Nilitaka kumlilia asiniache siku ya harusi. Nilikuwa nimekwisha kupata nilichokiomba, na aibu ya kuomba tena ikanizidi.

Akambusu mama mkono, akachukua mkoba.

"Kaka," nikamwambia, "gongagonga miguu basi. Nikusikie ukienda."

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu afike. Kisha akatoka, na mlango akaufunga nyuma yake taratibu, hata komeo halikulia.