Kanzu ya Somo

Kila sikukuu ya mtakatifu wao, fundi cherehani wa jumuiya ya wahamiaji humshonea kanzu mpya, na kila mara humpima upya, futi shingoni, pini midomoni, akimgombeza: "Hebu simama vizuri, wewe!" Wanakwaya huangua kicheko, maana mtakatifu huyo ni sanamu ya mbao. Yeye humpapasa mabega kwa vidole vyake vyenye sugu, kisha huongeza urefu kidogo. Mwaka huu kanzu iliburuta sakafuni hadi wabebaji wa sanamu wakajikwaa mlangoni. Mwenyekiti akafoka, "Mama, kwani sanamu inakua?" Fundi akapiga magoti, akalikunja pindo, akalikunjua tena. "Mwanangu ni somo wake," akasema. "Yule tuliyemzika njiani tukija huku. Sasa hivi angekuwa amenipita kimo."