Shuka Mbili Nyasini

Sabuni ya mche ikichanganyika na joto la nguo iliyokauka juani, harufu ile hunitoa uani mpaka leo. Wajukuu zangu hudhani nakimbia jua. Wao sijathubutu kuwaambia, nawaambia nyinyi.

Ilikuwa wakati wa vita vile vikubwa vya Wazungu, nami sijatimiza miaka kumi. Kwetu Changamwe, nyuma ya mihogo yetu, kulikuwa na kiwanja cha ndege kilichozungushiwa waya. Mama yangu, Mwanasha binti Omari, akiwafulia marubani wanagenzi, vijana wa jeshi ambao ndevu zao zilikuwa bado vinyweleo. Kila Jumamosi waliletewa wanafunzi wa skuli, makadeti wa kaptula za kaki, wawapandishe mmoja mmoja waonje kuruka. Mama akicheka: "Mtoto kambeba mtoto mwenzake! Mungu awe mlezi."

Aliyewaonyesha pa kutua alikuwa jirani yetu, Bakari Mwero, nikimwita mjomba. Kazi yake ilikuwa kutandaza vitambaa viwili virefu vyeupe nyasini, kimoja kikikingama kichwani mwa kingine, rubani ajue aje kwa upande gani upepo umpige usoni. Upepo ukigeuka, naye huvigeuza.

Jumamosi moja Mama alinipa shuka mbili za marubani. "Zianike nyasini, jua lizing'arishe. Lakini usivuke waya, Mwanahawa."

"Haya, Mama," nikasema, nikavuka. Nyasi za kwetu zilijaa kinyesi cha mbuzi. Na wallahi, nilitaka pia kuziona ndege kwa karibu. Moja nikaitandaza kwa urefu. Ya pili, kwa kuwakwepa siafu, nikaikingamisha kichwani mwake.

Upepo ukageuka. Mjomba Bakari akavikunja vitambaa vyake avihamishe, na papo hapo ikaja ndege ya Bwana Toni, mmoja wa wale wanagenzi, na kadeti wake. Chini waliona weupe wangu tu, wakaudhani ndiyo alama. Wakashuka upepo ukiwasukuma kwa nyuma, wakapitiliza kiwanja, wakakata waya, ndege ikazamisha pua mihogoni.

Kadeti, Pita jina lake, alitolewa mkono unaning'inia, akimlilia mamake kama sisi tunavyowalilia wetu. Bwana Toni alikuwa akitapika. Mkubwa wao akaja mbio, akazinyooshea kidole zile shuka.

"Nani ametandika hizi?"

Mjomba Bakari alizitazama, kisha akanitazama mimi, nimejibanza kwenye mihogo.

"Mimi, Bwana."

Akafukuzwa palepale. Alasiri alipita kwetu kuaga, shuka zimekunjwa vizuri kwapani. Mama hakumkaribisha hata kiti.

"Bakari, macho uliyaweka wapi? Umemvunja mtoto wa watu! Na shuka zangu ulizichukulia nini?"

"Uvivu tu, dada."

"Uvivu! Na huyo mama yake Pita ukamwambie hivyo hivyo. Mwanahawa!"

"Abee!"

"Mpe maji huyu aende zake."

Nilimletea maji kwenye kata, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Hakunywa mara moja. "Mwanahawa," akasema taratibu, "huna neno?"

"Sina, mjomba."

Akanywa, akashukuru, akaenda Bofu kukata makuti. Hakurudi tena Changamwe, na Mama alikufa akimwita Bakari mzembe. Nami nilikuwa nikimsikia.

Miaka mingi nilijifariji kwamba alikuwa akimkinga Mama asifukuzwe kazi ya kufua. Ni kweli, mbele ya wale wakubwa. Lakini uani kwetu hapakuwa na mkubwa yeyote, tulikuwa watatu tu. Maji yale aliyanywa funda dogo dogo, akituliza kata kifuani, akinitazama, kisha funda jingine. Nilidhani ana kiu. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipofahamu kwamba alikuwa akinipa nafasi ya kusema.