Hooyo Apewa Cheti, Kamati Yaondoka na Ufunguo

Mtu akianza kumsifu mama yangu ghafla, mimi naficha vitu.

Leo asubuhi wamekuja wanaume watatu wa kamati ya maji. Hooyo, yaani mama yangu, ndiye hufungua bomba la kisima chetu kila alfajiri tangu sijazaliwa, bila mshahara. Kwanza akina mama na mitungi yao, kisha mifugo, malori ya maji mwisho kabisa. Hajawahi kuambiwa hata asante.

Leo wamemletea cheti. Na keki!

Wallahi nikajua kuna jambo.

Mwenyekiti wao mpya ana malori mawili ya maji. Mimi sisemi kitu, nataja tu. Akampa mwenzake simu, akasema, "Mama, leta ule ufunguo wa kisima, unikabidhi. Ni kwa picha tu."

Kwa picha tu! Niambieni, ni mimi ndiye mbaya?

Nikakohoa. Nikamkonyeza hooyo. Nikamkanyaga mguu kabisa.

Yeye akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akampa huku anatabasamu. Picha ikapigwa. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa mwenyekiti na haukutoka tena. Wakaaga haraka, hata chai hawakumaliza.

Nikalipuka. "Hooyo, umewapa kisima!"

Akafungua fundo kwenye pindo la mtandio wake. Ufunguo wa kisima ulikuwa pale pale unapokaa siku zote.

"Ule ni wa choo," akasema. "Kula keki, ulale mapema. Alfajiri nataka uone uso wake."