Mafunjo Yaliyopandwa Kama Muhogo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, safari yangu ndefu ni ya kutoka kijijini kwetu Kashojwa hadi Base Camp, na hata hiyo naifanya nikilalamika. Mke wangu ndiye mtokaji. Kwa hiyo alipojiunga na kikundi cha kurudisha mafunjo kando ya ziwa, nilisema vizuri, aende, mimi nitabaki na maharagwe jikoni.

Ziwa lilikuwa limechoka. Sisi wakulima tulilima mpaka maji yakatuambia basi: tuling'oa mafunjo, tukapanda mahindi, na kila mvua ikawa inashusha udongo wetu majini. Bombani maji yalitoka na rangi ya chai. Basi watu wakakubaliana mashamba yarudi nyuma na mafunjo yarudishwe, maana ndiyo yanayozuia tope kabla halijafika ziwani. Katika hayo yote sikuwa na neno. Neno langu lilianza na buti.

Zilikuwa buti za mpira, ndefu mpaka magotini, na mwenye kuzivaa alikuwa Mrundi mmoja, mchuuzi wa ndizi, mgane, mtu mwenye mabega. Mafunjo hupandwa na watu wawili: mmoja anakanyaga kisiki chenye mizizi chini ya maji kisiibuke, mwenzake anainama kukizungushia potopoto na kupigilia vijiti. Mke wangu alikuwa anainama. Yule bwana ndiye aliyekuwa anakanyaga. Jioni nilipewa habari zake pamoja na ugali: ati anajua kina kwa kutazama rangi ya maji, ati anachekesha sana. Mimi pia nachekesha, lakini nyumbani kwangu watu wameshazoea.

Kisha kikundi kikapelekwa Mbarara kuonyeshwa mto Rwizi. Mke wangu akarudi na kofia mpya na maneno mapya. Maji yetu ya huku, alisema, yanapita kwanza pale mjini; wao wakiyachafua, sisi ndio tunaoyanywa. Nikamwuliza alikaa na nani kwenye gari. Alinitazama kama anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Papa wa batoto, mimi nakuelezea habari ya mto."

"Mto nimeusikia. Nauliza kiti."

Akaenda kuitundika kofia yake mpya. Alichosema baadaye ni kwamba siku chache zijazo kila mmoja atachagua mwenzake wa kupanda naye kiangazi chote, na hakuna kubadilisha. Kiangazi chote, na yule wa mabega.

Nikaamua kuonyesha kwamba hata mimi nayajua mambo ya majini. Jumapili, Wakatoliki wakiwa misani na mke wangu kwenye ibada yetu isiyojua kwisha, nilisingizia tumbo, nikachukua panga, nikashuka ziwani. Nikakata fimbo za mafunjo zilizonona. Kule kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, baba alinifundisha kupanda muhogo: kata mti, ulaze kidogo upande, macho yaangalie juu. Haya hayakuwa na macho. Nikafikiri labda yako kwa ndani. Nikapanda mstari mzima, wote umelalia upande mmoja, shamba la mkulima mwenye adabu.

Siku ya kuchagua nikaenda na mimi, nimevaa shati la ibada. Jirani aliponiona niko nje ya nyumba akauliza nani amefariki. Nikawaongoza watu wote mpaka kwenye mstari wangu. Ulikuwa umekauka, una rangi ya nyasi za kuezekea, na fimbo nyingine zilikuwa zinaelea. Mke wangu akashika moja. Ikatoka bila kuvutwa, kama kijiko ndani ya uji.

Mrundi aliinama, akautazama ule mlalo kwa muda.

"Shemeji," akasema taratibu, "umepanda muhogo."

Kikundi kizima kikacheka, na Wakongo wenzangu ndio waliocheka zaidi. Mimi kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni hilo la shemeji. Tangu lini?

Zamu ya mke wangu ikafika. Alikuwa amesimama ndani ya maji. Akamtazama mwenye buti, akanitazama mimi na shati langu, tena akamtazama mwenye buti. Nikafunga kifungo cha juu.

"Nachukua huyu," akasema, kidole kikiwa kwangu. "Ule mwingine anajua kazi, fasi yoyote utamuweka atafanya muzuri. Huyu nikimuacha yeye peke yake, atatumalizia mafunjo."

Niliihesabu kuwa ni sifa. Nilivua viatu, nikaingia.

Mrundi alichukuliwa na mama mmoja mfupi wa Kivu, na mstari wao ukaanza kwenda mbele, umenyooka, maneno na vicheko vikitangulia. Mke wangu akainua kichwa, akatazama upande ule. Labda alitazama mstari tu. Nikakikanyaga kisiki chetu kwa miguu yote miwili, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Unakanyaga sana," akasema, ameshainama tena. "Kitakufa hicho. Muguu moja inatosha."

Nikainua mmoja. Nikabaki nimesimama kwa ule mwingine kama korongo, shingo imegeukia kwa wale, nisikie wanacheka nini.