Mgeni wa Mawe Mekundu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, sisi wanawake wa huku Mwala tukiwa tumeinama ndani ya mto mkavu tunachimba msingi wa bwawa la mchanga. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, mgongo bado una nguvu. Tulitakiwa kuondoa mchanga wote mpaka tufike kwenye mwamba, ukuta ujengwe juu yake. Mvua ikija, mchanga ungejaa nyuma ya ukuta na maji yangejificha humo hadi kiangazi kingine. Wakati huo tulikuwa tukienda mbali na punda kutafuta maji, kwa hiyo ukuta ule haukuwa mchezo kwetu.

Chini kabisa, pale changarawe inapogusana na mwamba, karai langu lilitoka na vijiwe vyekundu, vyeusivyeusi kama damu ya mbuzi iliyoganda. Tukavitia kwenye kikombe cha bati, tukaendelea na kazi.

Nakusimulia haya kwa sababu nasikia siku hizi na wewe unashuka mtoni na karai. Sikukatazi. Ila nisikilize mpaka mwisho.

Haikupita muda mrefu, akaja mgeni. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vya ngozi vimejaa vumbi. Alisema yeye ni mwalimu, anakusanya mawe ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Tukamwuliza anafundisha wapi, akasema Machakos mjini. Tulipomwuliza shule gani, akaanza kusifu kazi yetu. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alimtupia jicho mara moja akaendelea kuchota mchanga.

Mgeni akaomba kuona mawe. Alilowesha kimoja kwa mate, akakifuta, akakiinua juani huku amefumba jicho moja. Kisha akakirudisha kikombeni kana kwamba kimemchosha. Akasema hayo ni mawe ya bure, hayana tofauti na vipande vya chupa, lakini angeyachukua yote kwa ajili ya watoto wa shule. Tena akaongeza kwamba pale tulipochimba pangefaa sana kwa masomo. Tukimwachia mahali hapo msimu mmoja, achimbe na vijana wake, yeye angetuletea saruji tujenge ukuta wetu kwingine.

Saruji, mwanangu, ndiyo hasa tuliyokuwa tumekosa. Wengi walitaka akubaliwe palepale. Wengine wakaanza kuulizana ni nani aliyempelekea habari za mawe, na tangu hapo tukawa tunatazamana vibaya, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaongea na mgeni pembeni. Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa biashara ya mawe hupita popote wanaposikia panachimbwa, hawangoji kuitwa. Siku ile hatukujua. Mwaitu hakumkatalia. Alimwambia arudi kesho, wanawake wazungumze kwanza.

Tulipofika nyumbani alivunja chupa ya kahawia, akasugua vipande kwenye jiwe la kusagia mpaka ncha zikaisha, akavichanganya na vile vijiwe. Nilimwuliza anafanya nini.

"Huyu mtu anasema hii mawe na chupa ni kitu moja," akanijibu. "Wacha tuone kesho kama mkono yake inasema hivyo."

Mgeni aliporudi, Mwaitu alimwaga vyote juu ya leso, akamwambia kwa upole achague vichache vya wanafunzi, vingine watoto wetu wanavitaka. Vidole vya yule mtu havikusita hata kidogo. Aliokota jiwe, akaokota jiwe jingine, na kila kipande cha chupa alikipita kama hakioni.

"Mwalimu," Mwaitu akasema, "umeacha chupa zote. Jana ulituambia ni kitu moja."

Alicheka, akaanza kueleza mambo ya rangi, lakini jasho lilikuwa limeshamtoka.

"Sisi tunatafuta maji. Wewe tuambie ukweli unatafuta nini, halafu tutaongea."

Aliyaacha mawe juu ya leso. Aliondoka bila kuaga.

Lakini hakwenda mbali. Upande wa chini wa mto palikuwa na mkulima jirani yetu, Mutua, ambaye shamba lake liligusa mto. Huyo akampa ukingo wake. Tulimwonya, akadhani tunamwonea wivu. Wakaja vijana tusiowajua na sululu zao, wakachimba ukingo wote, wakang'oa miti na nyasi zilizoshika udongo. Mvua ilipokaribia wakatoweka. Mto ulipofurika uliingia pale walipochimba, ukazoa karibu nusu ya shamba pamoja na mbaazi zake. Nilimkuta Mutua amesimama anatazama maji mekundu.

"Hata jina yake ya ukweli sikuuliza," aliniambia.

Sisi tulijenga ukuta wetu polepole kwa michango ya harambee, nao umetunywesha mpaka leo.

Vile vijiwe nilivipeleka kwa ofisa wa madini. Alinieleza kwamba vinaitwa ganeti, ila vingi vya kwetu vina nyufa. Zamani sana mwamba ulibanwa na kupikwa kwa joto chini ya ardhi, vilivyomo ndani yake vikajipanga upya, vikawa vito. Milima ikaliwa na mvua, vito vikaachiliwa, mto ukavibeba. Kwa kuwa ni vizito kuliko mchanga, huzama mapema: nyuma ya majabali, ndani ya kona za mto, na chini ya changarawe.

Basi, kama ni kutafuta, nenda mvua ikishakatika na mto ukikauka, asubuhi jua likiwa chini, utembee ukilitazama. Kito hung'aa mbele yako. Osha changarawe kwenye karai ukizungusha taratibu, vizito vibaki chini. Tafuta jiwe lenye pande bapa ambazo mkono wa mtu haukuzichonga. Liguse kwa mdomo, kito huwa baridi kuliko kioo. Litazame juani; ukiona viputo vya hewa, hiyo huenda ni chupa tu.

Na nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usichimbe ukingo wa mto, wala ardhi ya mtu bila ruhusa yake na ya serikali. Anayekuja kununua, mwulize jina, atokako na anachotaka, na akikwepa swali moja, usimjibu la kwake. Anayekwambia ulichonacho hakina maana huku akikitaka chote, mwogope. Peleka jiwe lako kwa mjuzi asiyetaka kulinunua kabla hujamwambia mnunuzi neno. Watu watakuita mgumu. Waache wakuite.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kungoja. Akulinde na ulimi mtamu wa mgeni, na ardhi yako ikutunze wewe na watoto wako. Nenda salama.